Chumvi imetoka baharini, samaki wametoka baharini: kwa nini wafe?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Kihonda, Morogoro. Mume wangu alinunua tangi la kioo la lita 120 ili tufuge samaki wa baharini sebuleni. Tulinunua chumvi ya mawe sokoni, ile inayotoka Bagamoyo, tukaiyeyusha kwenye maji ya bomba huku tunaonja mpaka ukali ukafanana na wa bahari. Samaki wanne tulioletewa kutoka Dar walianza kuhema juu juu usiku uleule, na asubuhi ya pili hakuna aliyebaki. Aliyetuuzia anasema tuliweka chumvi kidogo. Ninachoshindwa kuelewa ni kwamba chumvi ile imetoka baharini, na samaki wametoka baharini. Tatizo liko wapi? Na safari ijayo tuchote maji ya bahari Dar, au tununue ile chumvi ya ndoo wanayotumia wafuga samaki?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Poleni sana, wewe na watoto, maana najua nani hulia zaidi asubuhi kama hiyo.

Nianze na aliyekuuzia, kwa sababu ushauri wake ukiufuata utaua wengine. Chumvi kidogo haiui samaki wa baharini kwa namna hiyo. Wafugaji tunapotibu ugonjwa wa madoa meupe, hushusha chumvi ya tangi polepole hadi chini ya nusu ya ile ya bahari, tukaiacha hapo wiki kadhaa. Vimelea hufa, samaki wengi wenye mifupa hubaki wanakula na kuogelea kama kawaida. Samaki anayevumilia nusu ya bahari kwa mwezi hawezi kufa kwa siku moja na nusu ati kwa sababu mlipunguza vijiko viwili. Mngeongeza chumvi ileile, wangekufa mapema zaidi.

Kilichokosekana kwenye tangi lenu hakionjeki kwa ulimi. Maji ya bahari ya kawaida yana kiasi cha gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja ya maji. Lakini hizo gramu 35 si kitu kimoja. Kloridi ni kama gramu 19 na sodiamu karibu 11. Hizo mbili ndizo zinazofanya chumvi ya jikoni. Zinazobaki ni salfeti gramu 2.7, magnesiamu 1.3, kalisiamu 0.4, potasiamu 0.4, na vitu vingine vidogo vidogo. Kati ya mwaka 1872 na 1876 meli ya Waingereza iitwayo Challenger ilizunguka dunia ikichota maji katika bahari mbalimbali, na mkemia William Dittmar akapima sampuli 77 kati ya hizo na kutoa matokeo yake mwaka 1884. Aligundua kwamba ukali wa chumvi hutofautiana kutoka bahari hadi bahari, lakini uwiano wa vitu hivyo vikubwa ni uleule karibu kila mahali. Kwa hiyo samaki wa Mafia na samaki wa Atlantiki wamezaliwa ndani ya uwiano mmoja. Ukali hupanda na kushuka, mvua ikinyesha au jua likiwaka, na wao wamejifunza kuvumilia. Uwiano haujawahi kubadilika mbele ya macho yao, na miili yao haina namna ya kushughulika nao ukibadilika.

Sasa twende Bagamoyo tuone chumvi yako inavyopatikana. Wenye mashamba ya chumvi huingiza maji ya bahari kwenye mabwawa, kisha huyahamisha kutoka bwawa hadi bwawa huku jua likiyapunguza. Yakibaki kama nusu, chokaa inaanza kushuka chini. Yakibaki kama sehemu moja ya tano, jasi inashuka, na hapo sehemu kubwa ya kalisiamu imeshaachwa nyuma kwenye mabwawa ya mwanzo. Ni mpaka maji yabaki karibu sehemu moja ya kumi ndipo chumvi tunayoijua inapoanza kuganda, chembe nyeupe zinazopendeza. Mwenye shamba anayeijua kazi yake haachi maji yakauke kabisa. Maji yanayobaki juu ya chumvi ni machungu kama dawa, yamejaa magnesiamu na potasiamu, na yakiachwa yaharibu chumvi, mnunuzi atalalamika kuwa inachoma ulimi. Kwa hiyo anayamwaga.

Umeona ilipokwenda bahari yenu? Kalisiamu ilibaki bwawa la kwanza na la pili, magnesiamu na potasiamu zikamwagwa mwishoni, na nyinyi mkauziwa kile cha katikati. Shamba la chumvi lipo ili kutoa kitu kimoja kutoka baharini na kuviacha vingine vyote. Chumvi inavyozidi kuwa safi kwa ugali na mchuzi ndivyo inavyozidi kuwa mbali na bahari. Hata ile inayolowa kwenye kopo wakati wa masika hulowa hasa kwa sababu ya mabaki ya magnesiamu ambayo hayakuondoka yote. Ile ya kiwandani iliyosafishwa vizuri hukaa kavu. (Kuna wanaosema kosa ni madini joto yanayoongezwa kwenye chumvi. Kiasi kile ni kidogo mno. Tuache kuisingizia iodini.)

Kwamba chumvi tupu ni sumu kwa kiumbe wa baharini ni jambo lililojulikana zamani. Karibu na mwaka 1900, Jacques Loeb alikuwa akifanya majaribio kwa mayai ya samaki mdogo wa pwani ya Marekani aitwaye Fundulus. Aliyaweka kwenye maji safi yenye chumvi ya kawaida peke yake, kwa ukali unaolingana na wa bahari. Yakafa. Alipoongeza kalisiamu kidogo tu kwenye maji yaleyale, mayai yakaendelea kukua. Cha kushangaza ni kwamba samaki huyo ana uwezo wa kukua hata kwenye maji yasiyo na chumvi kabisa. Hakuna chumvi, anaishi. Chumvi yenye wenzake, anaishi. Chumvi peke yake, anakufa.

Kwa samaki wako wakubwa mambo huanzia kwenye mashavu, yaani matamvua anayopumulia. Damu ya samaki wa baharini ina chumvi kama theluthi moja tu ya ile ya maji yanayomzunguka, kwa hiyo bahari humnyonya maji kutwa kucha kupitia ngozi laini ya mashavu. Naye hulipa deni hilo kwa kunywa maji ya bahari mfululizo na kuitoa chumvi iliyozidi kwa mashavu hayohayo. Kalisiamu ndiyo inayobana maungio ya ngozi hiyo. Ikikosekana, maungio yanalegea, chumvi inaingia kwa kasi kuliko anavyoweza kuitoa, na magnesiamu na potasiamu anazohitaji kwa misuli na neva hazimo ndani ya maji anayokunywa. Kule kuhema juu juu mlikoona ndiko huko.

Nisiitwike chumvi lawama zote, lakini. Mlikuwa na wauaji wengine wawili sebuleni. Maji ya bomba huja na klorini, na klorini inachoma mashavu ya samaki hata katika kiasi ambacho sisi tunakunywa bila kusikia chochote. Halafu tangi lilikuwa jipya: halikuwa na bakteria wa kugeuza amonia inayotoka kwenye mkojo na kinyesi cha samaki kuwa nitraiti, kisha nitreti. Samaki wanne kwa mara moja katika maji ya namna hiyo, hata yangekuwa yamechotwa Mafia kwenyewe, wasingefika mbali.

Sasa, mchote Dar au mnunue ya ndoo? Kwa mtu wa Morogoro mimi nasema nunueni ya ndoo, bila kusita sana. Chumvi hiyo imetengenezwa kwa kupima kila kitu na kukirudisha kwenye uwiano ule wa Dittmar, kisha ikakaushwa. Lita 120 za maji ya bahari ni zaidi ya kilo 120, madumu sita, na kila baada ya wiki mbili mtahitaji dumu lingine. Kwa chumvi ya ndoo, tangi lenu likishawekwa mchanga na mawe litachukua kama lita 100 za maji, na chumvi ya kulijaza haizidi sana kilo nne. Hamko wa kwanza kuishi mbali na ufuko. Katika miaka ya 1850 Mwingereza Philip Henry Gosse alitangaza namna ya kutengeneza maji ya bahari nyumbani, kwa sababu watu wa London walitaka matangi na bahari ilikuwa mbali. Yeye alichanganya chumvi nne tu. Wa leo huchanganya nyingi kuliko hizo, na viumbe vyao huishi miaka mingi zaidi.

Mtu anaweza kukwambia uzichanganye hizo kemikali mwenyewe upunguze gharama. Kitaalamu inawezekana. Kwa kila lita, chumvi ya kawaida ni kama gramu 24, kloridi ya magnesiamu yenye maji ndani yake karibu gramu 11, salfeti ya sodiamu gramu 4, kloridi ya kalisiamu, nayo yenye maji ndani yake, gramu 1.5, kloridi ya potasiamu gramu 0.7, magadi ya kuokea gramu 0.2, na vichache vingine. Nimekutajia si ili ufanye, bali uone kuwa chumvi ya jikoni ni kama theluthi mbili tu ya kazi, na ndiyo theluthi mbili iliyo rahisi. Kemikali za bei nafuu huja na metali zilizojificha, na shaba kidogo tu huua kamba, kaa na konokono. Ninayo mizani ya maabara na bado nanunua ya ndoo.

Kwa wasomaji walioko pwani jibu langu ni tofauti, kwa hiyo nalo nilieleze kidogo. Mtu wa Kigamboni, Tanga au Nyali ana bahari ya bure mlangoni, na matangi makubwa ya maonyesho duniani mengi hutumia maji ya bahari yenyewe. Tatizo ni mahali na wakati wa kuchota. Usichote kwenye mlango wa mto. Mtu wa Dar akae mbali na Msimbazi na mbali na bandari. Usichote maji yakiwa yamekupwa, wala katika siku zinazofuata mvua kubwa za masika. Ngoja yajae, uchote kwenye maji yaliyoingia kutoka nje, au umpe mvuvi madumu ayajaze akiwa amevuka mwamba. Madumu yawe ya maji ya kunywa. La mafuta ya kula halitakati hata uliosheje. Ukifika nyumbani yachuje kwa kitambaa kizito, yaweke gizani na pampu ya hewa kwa wiki moja au mbili, viumbe vidogo vife na tope litulie, ndipo uyatumie.

Na uyapime. Miaka mingi iliyopita nilipewa kazi ya kutunza tangi la hoteli moja ya ufukweni, na nikawa najaza kwa bomba lililovuta maji moja kwa moja kutoka baharini. Sikuwa napima, kwani bahari inapimwa? Mwezi wa nne ukafika, mvua ikanyesha siku tano mfululizo, nami nikabadilisha maji kama ratiba ilivyosema. Viti vya pwani vyote, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota, vikalegea na kuanza kumomonyoka mikono siku ya pili. Nilipopima, maji yalikuwa kwenye 27 badala ya 35, yaani gramu za chumvi kwa kila kilo ya maji: tabaka la mvua lilikuwa limekaa juu ya bahari pale pwani na bomba lilikuwa linanyonya hilo. Samaki walinusurika. Viti vya pwani havina figo za kurekebisha hali, vinakuwa kama maji yalivyo.

Turudi Kihonda. Kabla ya chumvi kuna maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Unataka maji matupu kadiri iwezekanavyo, maana chumvi ya ndoo tayari inacho kila kitu na chochote kilichomo kwenye maji kitakuwa ni ziada. Maji ya bomba ya Morogoro kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Mindu, na bwawa lolote linalopokea maji ya mashamba na makazi hubeba nitreti na fosfeti, chakula kizuri cha mwani. Ukiyatumia, tia kwanza dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki, au yaache kwenye ndoo na pampu ya hewa saa 24. Utafuga samaki, ila utakuwa unapangusa ukijani kwenye kioo kila Jumamosi.

Kizuri zaidi ni maji yaliyopitishwa kwenye mashine ya kuchuja kwa mgandamizo, ile inayoitwa RO. Huhitaji kuinunua sasa. Wengi wanaouza maji ya kunywa ya kujaza kwenye mitungi mikubwa huchuja kwa mashine hiyohiyo. Nunua kalamu ya kupimia madini kwenye maji, ni kitu kidogo kama kalamu ya kuandikia, uende nayo. Ikisoma chini ya 10, yachukue kwa furaha. Ikisoma 50, bado ni mazuri kwa samaki. Ikisoma 200, muuzaji amerudisha madini ili yawe na ladha, au chujio lake limechoka.

Kuhusu maji ya mvua huwa naulizwa sana. Yakikingwa moja kwa moja kwenye ndoo, uwanjani, baada ya mvua kunyesha nusu saa, ni masafi. Yakipita kwenye paa la mabati hubeba zinki, na zinki na konokono hawaelewani. Maji ya betri pia hutumika, yale ya kuongezea, ambayo ni maji yaliyotolewa madini. Lakini soma chupa mara mbili, maana karibu nayo dukani hukaa tindikali ya betri, na chupa zinafanana kama mapacha.

Kuchanganya kwenyewe ni kazi ya jioni moja. Tafuta pipa au ndoo kubwa ya plastiki ambayo haijawahi kuona sabuni wala dawa, na iandike kwa maka nje, SAMAKI, ili asije mtu akafulia. Tia maji kwanza. Weka ndani pampu ndogo ya maji inayozungusha kwa nguvu. Joto liwe 25 au 26. Kwa miezi mingi Morogoro hamhitaji hita, lakini Juni na Julai usiku mtaihitaji. Ndipo uanze kutia chumvi, kikombe kimoja baada ya kingine, ukingoja cha kwanza kipotee kabla ya kutia cha pili. Kwa lita 20 anza na gramu 700, kisha uongeze baada ya kupima.

Usigeuze utaratibu huo. Ukiweka chumvi kwanza halafu ukaimwagia maji, chini kabisa unatengeneza uji mzito wa chumvi ambamo kalisiamu na kaboneti zinakutana zikiwa nyingi kupita kiasi, zinashikana na kuwa chokaa, ile kitu iliyoachwa kwenye bwawa la kwanza kule Bagamoyo. Maji yanakuwa meupe kama ya kuoshea mchele na hata ukiyakoroga mpaka kesho chokaa hiyo hairudi. Umelipia chumvi kamili, umebaki na pungufu. Kwa sababu hiyohiyo usimwage chumvi kavu ndani ya tangi lenye samaki, hata kijiko.

Acha pampu ifanye kazi usiku kucha. Maji mapya huwa makali, hewa bado haijaingia sawasawa na pH, kipimo cha utindikali wa maji, haijatulia. Kufikia asubuhi yatakuwa yanang'aa na pH imekaa karibu 8.2. Utando kidogo wa rangi ya udongo ukibaki chini ya ndoo ni kawaida, uuache hukohuko. Na ndoo ya chumvi uifunge kwa nguvu kila ukimaliza. Ina magnesiamu na kalisiamu zote sasa, kwa hiyo inavuta unyevu wa hewa kuliko chumvi yoyote uliyowahi kuwa nayo jikoni, na ikishakuwa jiwe hutajua tena gramu 700 ni chumvi kiasi gani na maji kiasi gani.

Kupima si kwa ulimi tena, tumekubaliana. Ulimi hauwezi kutofautisha 30 na 38, na hayo yote mawili utaapa kuwa ni bahari. Kuna haidromita ya plastiki yenye mshale, inayopima uzito wa maji ukilinganishwa na wa maji matupu, ambayo ni ya bei rahisi na hudanganya kila kipovu kidogo cha hewa kinaponasa kwenye mshale. Igongegonge kabla ya kusoma na uisuuze kwa maji baridi kila ukimaliza. Inatakiwa isome kati ya 1.025 na 1.026, kwa tangi la samaki peke yao, 1.023 pia inafaa. Kama pesa inaruhusu, nunua rifraktomita, kile kidarubini unachokidondoshea tone moja na kukiangalia dhidi ya mwanga. Kwenye hicho unatafuta 35.

Rifraktomita nayo hutoka dukani ikiwa imepotoka. Wengi huirekebisha kwa maji baridi mpaka isome sifuri, na inaweza kusoma sifuri kwa usahihi huku ikikosea kwa pointi tatu pale kwenye 35. Hapa, dada yangu, chumvi ya jikoni hatimaye inapata kazi. Chukua mizani ya dijitali ya jikoni, pima gramu 36.5 za chumvi safi ya mezani, kavu, uongeze maji yaliyochujwa mpaka jumla ya uzito wa maji na chumvi iwe gramu 1,000. Mchanganyiko huo unapinda mwanga sawasawa na maji ya bahari ya 35. Dondoshea tone, zungusha skrubu mpaka mstari ukae kwenye 35, basi, umemaliza. Hifadhi kwenye chupa iliyofungwa vizuri, uandike HII SI YA SAMAKI.

Maji yakishakuwa tayari na tangi limejaa, hakuna samaki bado. Najua watoto wanangoja. Weka mawe na mchanga, washa chujio, tia chembe moja ya kamba mbichi wa kupikia ioze humo ndani, kisha upime amonia kila baada ya siku chache kwa vile vifaa vya matone. Itapanda, itashuka, nitraiti itapanda nyuma yake, nayo itashuka. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Siku amonia na nitraiti zote mbili zikisoma sifuri, lete samaki mmoja. Mmoja, si wanne. Muulize muuzaji maji yake yako kwenye ngapi, maana wauzaji wengi huweka chumvi kidogo ili kuokoa gharama na kupunguza vimelea. Kama yake ni 27 na yako ni 35, anzeni kwa kushusha la kwenu karibu na lake na kupandisha taratibu kwa siku kadhaa. Samaki huvumilia kushushiwa kuliko kupandishiwa.

Jambo la mwisho ni lile linaloua matangi ya watu ambao wamefanya mengine yote vizuri. Maji huruka kwa jua na feni, chumvi hairuki. Tangi lenye lita 100 likipoteza lita 2 kwa siku, baada ya siku tano mna lita 90 na chumvi yote ileile. 35 imekuwa karibu 39. Mtu anaona maji yamepungua, anaongezea maji ya chumvi aliyoyaandaa, na kila wiki anapanda ngazi moja. Kinachoongezwa ni maji baridi matupu, yaliyochujwa, kila siku, kidogo kidogo. Bandika kipande cha selotepu kwenye kioo pale maji yanapotakiwa kufika, na kazi ya kujaza hadi hapo mpe mtoto mkubwa. Maji ya chumvi yana siku yake, ya kubadilisha: toa lita 10 kila wiki, rudisha lita 10 mpya zenye ukali uleule na joto lilelile.

Kwa sasa yamwageni maji yote yaliyomo, msijaribu kuyarekebisha kwa kuongeza hiki na kile. Suuzeni mchanga na kioo kwa maji matupu bila sabuni. Chumvi ya Bagamoyo iliyobaki irudi jikoni. Ukishapata ndoo na kipimo, niandikie namba mbili: kalamu imesoma ngapi kwenye maji baridi, na rifraktomita imesoma ngapi asubuhi baada ya kuchanganya. Kabla hujanunua samaki, tafadhali, na kabla hujampigia simu yule aliyekuuzia wa kwanza.